Mtihani wa Mpwa Wangu, na Mtihani Wangu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kuwasimulia habari iliyotokea nyumbani kwangu hapa Dodoma. Si habari ya kujisifu, kwani ndani yake yamo makosa yangu mimi mwenyewe, mtu wa makamo, niliyefundisha watoto wa Kiislamu kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini naona nikiificha nitakuwa nimewanyima wazazi wenzangu na vijana wetu jambo ambalo huenda likawafaa.

Usiku mmoja, baada ya swala ya isha, mpwa wangu alipiga hodi. Huyu ni binti wa marehemu dada yangu, nami nimemlea tangu akiwa darasa la tatu. Mikononi mwangu alihitimu Qurani. Kisha akaenda sekondari, akapata shahada ya uhasibu, na wakati huo alikuwa amekwisha fanya kazi miaka minne katika ofisi moja hapa mjini. Aliniamkia, akaketi juu ya mkeka, akanyamaza kama mtu apimaye maneno. Mwisho akasema, "Mjomba, naomba ufunguo wa madrasa. Nataka mahali pa kusomea, baada ya alfajiri na usiku watoto wakiisha ondoka."

"Kusoma nini tena, mwanangu?" nalimwuliza. "Hukumaliza?"

Akanieleza kwamba anataka kuomba nafasi ya kusoma shahada ya pili ya uongozi wa biashara katika vyuo vya nje, na kwamba vyuo vile vikubwa huwapima waombaji kwa mtihani uitwao GMAT. Mtihani huu ulianza kufanywa Marekani mwaka 1954, na leo hufanywa na watu wa mataifa mengi, kwa kompyuta. Ulipangwa upya mwaka 2023, na sasa una sehemu tatu: hesabu, maswali 21, ufahamu wa kusoma na kupima hoja, maswali 23, na uchambuzi wa takwimu, maswali 20. Kila sehemu ina dakika 45 tu, yaani jumla yake ni saa mbili na robo. Alama ya chini ni 205 na ya juu ni 805. Katika sehemu ya hesabu hapana ruhusa ya mashine ya kuhesabia. Tena kompyuta humtazama mtu jinsi ajibuvyo: akijibu sawa humletea swali gumu zaidi, akikosea humpunguzia. Na ada yake hupita dola 200 za Kimarekani, fedha ambazo kwa watu kama sisi si haba.

Nalimjibu kwa ukali. Nalimwambia kwamba madrasa ni nyumba ya Qurani, si mahali pa kompyuta na mitihani ya Marekani. Kwamba kazi anayo na mshahara anao. Na kwamba msichana wa umri wake yampasa afikiri habari za nyumba yake. Yeye hakubishana. Alisema, "Naam, mjomba," akaaga, akaenda zake.

Mke wangu alikuwa akichambua mchele pembeni, naye alisikia yote. Alipomaliza aliweka ungo chini akaniambia, "Mume wangu, wewe huogopi kompyuta kuingia madrasani. Waogopa mtihani."

Ndugu msomaji, neno lile halikuniachia usingizi. Kwani ni kweli, nami nalikuwa na sababu ya kuogopa ambayo sikupata kumwambia mtu.

Mwaka 1985 nalifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba katika kijiji kimoja cha Kondoa. Siku hizo nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno nchini, na katika darasa letu zima alichaguliwa mtoto mmoja. Sikuwa mimi. Babu alisema ni kadari, akanipeleka kwa shekhe nikasome vitabu vya dini, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kadari ni haki. Lakini ni kweli vilevile kwamba jioni ya kuamkia mtihani ule nalikuwa njiani na punda, nimetumwa kuteka maji kisima cha mbali, nikarudi usiku wa manane. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kesho yake kuna mtihani, wala aliyeuliza. Hawakunichukia, walikuwa hawajui tu kwamba mtihani ni jambo la kutayarishiwa.

Nalipohamia mjini Dodoma mwaka 1989, kabla ya kupata madrasa, naliuza karanga za kukaanga. Mara nyingi nalipita karibu na Chuo cha Elimu ya Biashara, ambacho kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965 na kikafungua tawi lake hapa Dodoma mwaka 1983. Naliwaona vijana wa rika langu wakitoka na vitabu vyao kwapani, wakizungumza habari za mizania na faida. Mimi nalijua bei ya karanga kwa kikombe na kwa debe, lakini sikujua kuandika kilichoingia na kilichotoka. Baada ya miezi minane mtaji uliisha, na mpaka leo sijui ulikwenda wapi. Hakuniibia mtu. Ujinga wangu ndio uliokula.

Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, nalimpigia simu nikamwambia aje achukue ufunguo.

Alipokuja nalimwuliza nia yake, maana amali zote hutegemea nia. Akaniambia kwamba kazini kwake hupitia hesabu za vikundi vya wakulima wa alizeti na zabibu wa mkoa huu wetu, na kwamba amekwisha ona vikundi vitatu vikivunjika. Watu waliitana wezi, ndugu wakaachana, ilhali alipotazama madaftari hakuona wizi. Aliona watu waliokopa bila kupima, wakauza bila kujua gharama yao. "Mjomba," akasema, "naweza kuwaonyesha kwamba wamepata hasara. Siwezi kuwaonyesha njia ya kutopata hasara. Hiyo ndiyo elimu ninayoitaka."

Basi nalikumbuka kwamba Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alisafiri mpaka Sham na mali ya Bibi Khadija (r.a.), na uaminifu wake katika biashara ile ndio uliomjulisha kwa mama yule mtukufu. Nalimkumbuka na Abdurrahman bin Auf (r.a.), aliyefika Madina hana kitu, akatolewa nusu ya mali ya nduguye Muansari, naye akamshukuru na kuomba aonyeshwe sokoni tu. Dini yetu haikuona haya soko. Iliona haya soko lisilo na uaminifu.

Hivyo ndivyo chumba cha madrasa kilivyokuwa na taa mara mbili kwa siku. Alikuja baada ya alfajiri akasoma saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini, na usiku saa mbili nyingine. Ilikuwa miezi ya Juni na Julai, na wanaoijua Dodoma wajua baridi ya miezi hiyo na upepo wake unavyotikisa mabati. Mke wangu alimpelekea uji wa uwele. Umeme ulipokatika alisoma kwa taa ya sola.

Baada ya miezi mitatu alipanda treni ya umeme, hii iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, akaenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Alirudi na alama 495. Vyuo alivyovitaka vilikuwa vikipokea watu wa alama 600 na zaidi.

Hakulia mbele yangu. Lakini alirudisha ufunguo, akauweka mezani, akasema asante. Nami nikaona katika uso wake uso wangu wa mwaka 1985.

Sasa naingia katika sehemu ya habari hii ambayo ni nzito kwangu kuiandika.

Wiki ile ile kijana mmoja alinijia, ameelekezwa na mtu tujuanaye. Alikuwa na nguo safi na maneno laini. Akanieleza kwamba mtihani ule waweza pia kufanywa nyumbani, mtu akiwa peke yake chumbani huku akitazamwa kwa kamera, na kwamba wao wana fundi ambaye huishika kompyuta ya mtahiniwa kutoka mbali akajibu maswali badala yake. Binti atakaa tu mbele ya kamera kama afikiriye. Malipo ni shilingi 1,500,000, nusu kwanza na nusu matokeo yakitoka. "Shekhe," akaniambia, "wenzako wote hufanya hivi. Hawa si ndugu zetu, na huu si mtihani wa dini."

Nalipaswa kumfukuza. Sikumfukuza. Nalimwambia arudi siku ya tatu. Nalikuwa na fedha nilizopata kwa kuuza dume la ng'ombe, nimeziweka kwa ajili ya kuezeka upya vyumba vya uani. Nalizihesabu usiku, nikatenga nusu ya malipo, nikazifunga katika kitambaa. Na moyo wangu ulinitengenezea hoja nzuri nzuri: kwamba mtoto ni yatima, kwamba nia yake ni njema, kwamba elimu anayo, ila bahati ndiyo iliyompita, kwamba wakubwa wengi wamefika walipo kwa njia mbaya kuliko hii. Mtu akitaka kufanya baya, ndugu zangu, hapungukiwi na fatwa.

Nalimwita mpwa wangu nikampa habari ile kama zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu yote, "Mjomba, nikiingia kwa mlango ule, daftari la fedha za watu nitalishika kwa mkono gani?"

Nalinyamaza. Akaendelea, "Wao wapima kama naweza kukaa na jambo gumu nikalifumbua mwenyewe. Nikimlipa mtu alifumbue, nitakuwa nimewajibu kwamba siwezi. Na nikifika huko darasani nitamlipa nani tena? Afadhali 495 yangu."

Ewe msomaji, Jumatatu ya wiki ile ile nalikuwa nimewafundisha watoto Surat al-Mutaffifin, habari za wale wapunjao vipimo: wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia watu hupunguza. Nalikuwa nimepiga ubao kwa fimbo nikawaambia watoto kwamba mizani ni amana. Na Jumatano nalikuwa na kitambaa cha fedha mfukoni ili kununua mizani ya uongo. Alama za mtihani ni nini, ikiwa si kipimo ambacho chuo hukitazama ili kijue kinampokea nani? Anayekipunja amempunja aliyesoma kwa haki akakosa nafasi, amekipunja chuo, na amejipunja nafsi yake. Baadaye nalielezwa pia kwamba wanaogunduliwa hufutiwa matokeo na huweza kuzuiwa wasifanye tena. Lakini namshukuru Mungu kwamba mtoto hakukataa kwa sababu ya kuogopa kukamatwa.

Yule kijana aliporudi nalimwambia hatumhitaji. Alicheka akaniita mshamba. Huo ulikuwa mtihani wangu, nami siwezi kusema nalifaulu. Nalisahihishwa na mtoto niliyemfundisha alifu.

Nalimrudishia mpwa wangu ufunguo, nikamwuliza nimsaidie nini kilicho halali. Akasema, "Nisikilize tu, mjomba. Nitakueleza kila swali kwa Kiswahili. Nikishindwa kukueleza wewe ukafahamu, basi mimi mwenyewe sijafahamu."

Tukaanza. Mimi Kiingereza sikijui, na hesabu zangu ni za darasa la saba. Lakini jambo lilitokea ambalo sikulitazamia. Usiku wa pili aliniletea swali la sehemu za mali zilizogawanywa kwa viwango mbalimbali, mabaki yakaenda kwa wawili mmoja akipata mara mbili ya mwenzake. Nalimwambia, "Mwanangu, hii ni mirathi!" Nikachukua chaki nikamwandikia. Mtu amekufa, ameacha mke, baba, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Wasia hakuna, na madeni yamekwisha lipwa. Mke ana thumuni, baba sudusi, mama sudusi, na mabaki ni ya watoto, mwana wa kiume kwa sehemu mbili na wa kike kwa sehemu moja. Kwa asili ya 24, mke ana 3, baba 4, mama 4, yabaki 13, nayo haigawanyiki kwa tatu. Basi zidisha asili kwa tatu, iwe 72: mke 9, baba 12, mama 12, mwana wa kiume 26, binti 13. Kama shamba limeuzwa shilingi 7,200,000, kila sehemu ni shilingi 100,000, na kila mtu ajua chake bila mashine wala ugomvi.

Mpwa wangu aliutazama ubao, akacheka mara ya kwanza tangu aliporudi Dar es Salaam. Akasema, "Mjomba, mimi nalikuwa naingia katika hesabu hizi kwa desimali. Ndiyo maana dakika zangu zaisha." Kisha akaniambia jambo nililolisikia kwa furaha: kwamba Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad aliyeandika kile kitabu cha al-jabr katika karne ya tisa ya miladi, alitoa sehemu kubwa ya kitabu chake kwa masuala ya wasia na mirathi. Jina la aljebra lililoenea duniani kote limetoka humo. Kumbe aliyoyaogopa kama ya wageni yalikuwa yamepita katika nyumba yetu zamani.

Aina nyingine ya maswali ilimtesa zaidi. Humo mtu hupewa suala, kisha hupewa maelezo mawili, naye haambiwi atafute jibu. Huulizwa tu: je, maelezo haya yatosha kupata jibu? La kwanza peke yake latosha? La pili peke yake? Yote mawili pamoja? Au hata yote hayatoshi? Mpwa wangu alikuwa na haraka ya kukokotoa, na haraka ile ilimwangusha. Nalimwambia hivi: "Mtu akinijia akasema, ndugu yangu amekufa ameacha nyumba, changu ni kiasi gani, mimi sifungui kinywa. Namwuliza: ameacha watoto? Wazazi wake wako hai? Ana mke? Ana deni? Aliusia? Nikitaja kiasi kabla ya kujua hayo, nimedhulumu watu kwa ulimi wangu." Dini yetu yatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo. Mtu kukiri kwamba aliyoambiwa hayatoshi ni elimu pia, tena ni elimu ngumu. Tangu usiku ule, kabla ya kushika kalamu, alijiuliza kwanza, "Nimeambiwa vya kutosha?"

Katika kusoma pia alikuwa na haraka. Nalimkumbusha wakfu katika tilawa: msomaji husimama pale maana ilipotimia, si pale pumzi ilipomwishia. Akaanza kusoma kila kifungu cha Kiingereza hivyo, akisimama mwisho wa hoja na kujiuliza mwandishi amedai nini na kwa ushahidi gani.

Na kwa makosa tukafungua daftari maalumu. Madrasani mtoto akikosea tajwidi hatumwambii tu kwamba amekosea. Twamwambia amekosea wapi na kwa nini. Basi kila swali alilolikosa aliliandika, na mbele yake akaandika moja katika maneno matatu: "sikujua", "sikusoma vizuri", au "naliharakisha". Baada ya mwezi mmoja tukahesabu, na "naliharakisha" ilizidi nyingine zote. Hapo alijua kwamba adui yake si ujinga wa hesabu.

Kila Jumamosi alifanya mtihani wa majaribio kamili, saa mbili na robo, mimi nikiwa mlangoni kuzuia watu. Ndugu zangu, ni katika kazi hii ya ubawabu ndipo nalipofahamu ugumu wa kusoma katika nyumba zetu. Jirani apiga hodi kuomba chumvi, mtoto atumwa kuuliza saa, mgeni apita kusalimu tu, simu yalia. Kila mmoja ana nia njema, na kila mmoja huchukua dakika mbili, na dakika mbili ndizo zipatikanazo kwa swali moja la mtihani ule. Tena maswali yasiyofikiwa hupunguza alama, kwa hiyo mtu hana budi kuyagawa mapema. Na mwisho wa kila sehemu mtu huruhusiwa kurudi na kubadili majibu, lakini hayazidi matatu. Nalimwambia, "Tatu ni rehema. Usizimalize kwa wasiwasi."

Usiku mmoja alipochoka nalimsimulia kisa cha Sayyidna Ali (r.a.). Inasimuliwa kwamba alikuwa juu ya mimbari akihutubu, mtu akamwuliza habari ya aliyekufa akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Sehemu zao zikijumlishwa huzidi mali yenyewe: kwa asili ya 24 zafika 27. Sayyidna Ali akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa sehemu ya tisa, akaendelea na hotuba yake. Watu hustaajabia wepesi wa jibu lile. Mimi hustaajabia miaka iliyokuwa nyuma yake. Mimbarini hapakuwa mahali pa kusoma. Palikuwa mahali pa kutoa kilichokwisha wekwa.

Baada ya miezi mitano alikwenda tena Dar es Salaam. Jioni alinipigia simu, na jambo la kwanza aliloniambia halikuwa alama. Alisema, "Mjomba, walinipa ubao! Ubao mdogo wa plastiki na kalamu ya kufutika, badala ya karatasi. Nalipoushika nalijiona nimo chuoni kwako." Kisha akataja alama zake: 615. Nalisujudu sijida ya shukrani pale pale uani, kuku wakinitazama.

Ningependa kuwaambieni kwamba baada ya hapo milango yote ilifunguka. Haikuwa hivyo. Aliomba vyuo vitatu. Viwili vilimkataa, kimoja kimempokea na kumpunguzia ada, naye sasa anatafuta njia ya kulipa iliyobaki bila kuingia katika riba. Twaomba dua, naye aendelea na kazi yake. Lakini mwezi uliopita alikaa na kikundi kimoja cha wakulima wa alizeti, akawauliza maswali kabla ya kutoa hukumu, na watu waliokuwa karibu kushikana mashati waliondoka wakipeana mikono. Nalipopata habari ile nalijua kwamba sehemu ya elimu aliyoitafuta alikwisha ipata katika kujitayarisha.

Basi, wazazi wenzangu, nina maneno matatu. Kwanza, tujue siku ya mtihani wa mtoto wetu kama tujuavyo siku ya harusi. Asiyejua kusoma aweza kulinda mlango, kupika uji, kusikiliza. Na hayo ni nusu ya kazi. Pili, tusiwanunulie watoto njia ya mkato tukaiita huruma. Mtoto uliyemfundisha kuiba alama, kesho atashika fedha za yatima na za msikiti. Tatu, tusiitenge elimu ya dunia na elimu ya chuoni kama maji na mafuta. Zote zataka ikhlasi, subira na kukiri kosa.

Nanyi vijana, msitazame alama ya kwanza mkadhani ni hukumu ya Mungu juu yenu. Ni habari tu ya mahali mlipo. Andikeni makosa yenu kwa majina yake, kisha mrudi.

Ufunguo ule haukurudi tena msumarini. Sasa baada ya isha chumba cha madrasa kina vijana sita: wawili wa kidato cha nne, mmoja dereva wa bodaboda anayejitayarisha kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na wengine wa mitihani mbalimbali. Mimi hukaa mlangoni na tasbihi yangu. Akija mtu kuomba chumvi, namwambia kwa sauti ndogo aende kwa mke wangu.

Namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe makosa yetu, atufungulie watoto wetu milango ya halali, na atujaalie tuwe wakweli katika mitihani ionekanayo na isiyoonekana. Amin.